Arobaini na Nane kwa Mia

Mvua ya mawe ilipiga dakika sita.
Verlyn Aasgaard alizihesabu
kwa saa ya jikoni, ile inayokimbia kidogo,
kikombe mkononi,
akisikiliza bati la ghala likigongwa
kama mlango wa mdaiwa.

Nilifika siku ya tisa. Ndiyo kanuni:
shamba liachwe kwanza, life au lifufuke.
Nina pete ya chuma, kalamu ya risasi,
na viatu vya mpira alivyoniachia
mkaguzi aliyenitangulia.
Narusha pete. Inapoangukia nachuchumaa,
nahesabu mashina yaliyosimama, yaliyovunjika,
na yaliyoinama ila bado yana maji shingoni.
Hayo ya mwisho ndiyo hunikosesha usingizi.

Ngano ilikuwa imeanza kutoa masuke.
Sasa imelalia upande mmoja
kama nywele za mtoto aliyeamshwa ghafla.
Alizeti zimebaki fito.
Verlyn ananifuata hatua mbili nyuma, kimya,
na mbwa wake hatua mbili nyuma yake.

Mara thelathini narusha, mara thelathini naandika.
Juu ya boneti la gari napiga hesabu:
arobaini na nane kwa mia.
Fidia huanzia hamsini.

Namwambia, pete ikianguka kule bondeni,
kwenye tope, mara moja tu zaidi...
Ananitazama kwa macho ya mtu
aliyewahi kuuza ng'ombe wote kwa siku moja.
"Umesharusha thelathini," anasema.
Anatia sahihi taratibu, herufi moja moja,
kama anayepanda.

Sisemi fidia ni mbaya.
Mwaka wa mafuriko hundi ilimfikia Ardis Feickert
Ijumaa, benki ikimngoja Jumatatu.
Alinunua dizeli, akapanda, akavuna,
akaniletea mtungi wa achari ya viazisukari
ambayo hakuna aliyeweza kuila.
Bado ninao, dirishani.

Lakini wahenga waliosema
asiyekuwapo na lake halipo
hawakufika Dakota.
Ofisini, kabati la tatu, kuna faili nene
la shamba moja lenye wenyewe wanne:
kampuni, kampuni nyingine, mke,
na mjukuu wa miaka miwili.
Babu mtu anakaa ghorofani, Arizona,
tope letu hajui rangi yake.
Hundi hutoka nne,
nami ndiye nizitiaye kwenye bahasha.
Lake lipo. Lipo mara nne.

Basi jioni ile sikwenda nyumbani.
Nilizima taa za gari kwenye njia ya mpakani,
nikashuka bondeni na pete yangu
kama mwizi aliyekuja kuacha kitu.
Nilikwisha kuitunga namba kichwani:
hamsini na moja, isionekane ya kupangwa.
Nikarusha. Nikachuchumaa. Nikamulika.

Yote yalikuwa yamesimama.
Kule chini maji yalikawia, na mashina
yalikuwa yametoa machipukizi mapya, manene,
kijani kile cha aibu cha vitu vinavyoanza upya Julai.
Nikarusha tena. Yamesimama.
Kwa hesabu ya haki
ningemshusha hadi arobaini na saba.

Alijua. Alikuwa akipita hapo kila asubuhi
akijua, na hakuniambia usihesabu huko,
wala hakuniambia hesabu.

Machipukizi hayo hayatawahi kukomaa.
Theluji itayakuta mabichi.
Hilo nalo alijua,
na kwenye fomu, penye mistari mitatu
ya maelezo mengine, aliandika:
*Mbwa haumi. Lango lifungwe ukitoka.*

Nililifunga.
Pete ilinigongea nyuma ya gari
njia nzima ya kokoto, maili kumi na moja,
nami sikusimama kuifunga.